Mkono Ulioingia Wenyewe

Siku Mama Pacha alipopata ajali, shuka alilokuwa amelishika lilitokea upande wa pili wa mashine likiwa limenyooka vizuri, halina hata mkunjo. Hilo ndilo wanawake wa zamu ya asubuhi walilokuwa wakilisimulia, maana mengine yalikuwa hayasemeki.

Kiwanda kilikuwa cha kufua. Mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, magwanda ya wapishi, vyote viliingia vichafu kwa mlango wa nyuma na kutoka vinanukia kwa mlango wa mbele. Katikati ya ukumbi ndipo zilipokuwa mashine za kupigia pasi: rola kubwa za chuma zinazozunguka juu ya kitanda cha moto. Wanawake wawili husimama mbele, wanashika pembe za shuka bichi, wanalinyoosha na kuliachia likamezwa. Kwenye mdomo wa rola kuna kibao chembamba cha chuma ambacho wafanyakazi wanakiita ulimi. Kidole kikigusa ulimi, mashine inasimama papo hapo.

Tatizo la ulimi ni kwamba haukujua kutofautisha kidole na pindo nene la shuka. Ulikuwa unasimamisha mashine mara kwa mara, na meneja hakutaka kusikia habari ya mashine kusimama. Wafanyakazi walimwita Bwana Fasta, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyoishia hapo: leta fasta, kunja fasta, pakia fasta. Hospitali ilipoleta mzigo mkubwa kuliko kawaida, alimwagiza fundi mitambo aufungue ulimi wa rola namba mbili. Mzigo ukipungua, alisema, tutaurudisha. Mzigo haukupungua. Ulimi ukabaki kwenye droo ya fundi, pamoja na skrubu zake.

Pindo la shuka likamfunga Mama Pacha kidole. Alivuta, na rola nayo ikavuta. Kitufe cha kuzimia kilikuwa upande wa pili, na mpaka mtu alipokifikia, mkono wa kulia ulikuwa umebanwa na kuungua hadi juu ya kifundo. Walimkimbiza katika hospitali ile ile ambayo mashuka yake alikuwa akiyanyoosha.

Ijumaa, Bwana Fasta aliingia ofisi ya utumishi bila kubisha hodi. Mwenye ofisi alikuwa mwanamke wa makamo, mnyoofu wa mgongo na wa maneno, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Utumishi. Barua zote za kuajiri, kuhamisha, kuonya na kupongeza zilitoka kwake. Mabosi wote waliopita walimsifu kwa kalamu yake, naye sifa hizo alizipokea kama haki yake.

"Bi Utumishi, nataka ripoti ya ile ajali. Mkaguzi wa usalama anakuja Jumatatu. Iwe fupi, iwe ya kiofisi."

"Na habari ya ulimi je?"

"Hayo ni mambo ya kiufundi, nitayaeleza mwenyewe. Wewe andika ajali. Ajali ni ajali. Umalizie kwa kuwakumbusha watu wawe makini. Fasta, tafadhali."

Bi Utumishi hakuipenda amri hiyo, lakini vidole vyake vilishaizoea kazi. Aliandika, akaihifadhi kwenye kompyuta ya ofisi, akajitumia nakala kwenye simu ili aipitie nyumbani. Njiani alijifariji kwamba mtu mwenye akili akiisoma kwa makini ataelewa yaliyomo katikati ya mistari.

Aliishi na dada yake mkubwa, mpokea simu wa kampuni moja ya mizigo, ambaye macho yake yalizimika tangu usichana. Dada huyo hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na aliyejaribu alijuta. Simu yake ilimsomea kila kitu, magazeti, bei za sokoni, umbea wa ukoo, kwa kasi iliyomfanya mtu mwingine asikie mvumo mtupu kama wa nzi aliyefungiwa ndani ya chupa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Unatembea kama mtu aliyekanyaga kitu kibaya. Kuna nini?"

Alimweleza. Dada akanyoosha mkono. "Hebu nitumie hiyo ripoti. Nitaipunguza kasi, kwa heshima yako."

Sauti ya simu ikaanza, kavu, haina furaha wala huzuni: "Mnamo tarehe tajwa hapo juu, tukio la bahati mbaya lilitokea ambapo mkono wa mfanyakazi tajwa uliingia katika mtambo, hali iliyopelekea kuumia kwake. Huduma ya kwanza ilitolewa. Inashauriwa wafanyakazi wakumbushwe kuwa makini wakati wote."

Jikoni bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye sufuria.

"Rudia hapo pa mkono," dada akasema, na simu ikarudia. Mkono wa mfanyakazi tajwa uliingia katika mtambo. "Uliingia? Kwani mkono huo ulikuwa umealikwa? Ulitoka nyumbani peke yake ukapanda gari, ukafika, ukabisha hodi?"

"Dada, ndiyo lugha ya kiofisi."

"Huduma ilitolewa, na nani? Inashauriwa, na nani? Humu ndani hamna mtu hata mmoja! Kiwanda kizima hakina watu, kuna mkono tu unaotembeatembea."

Bi Utumishi alitaka kucheka, akashindwa. Uso ulimwaka moto. Maneno hayo alikuwa ameyasoma kwa macho mara tatu ofisini, na kila mara yalimpita kama watu wanaofahamiana. Sasa yalipotoka kwenye kinywa kisichomjua wala kumpenda, aliyasikia yalivyo. Aliona jinsi alivyompangusa Bwana Fasta matope kiatu baada ya kiatu, kwa ufundi wa hali ya juu, bila mtu kumlazimisha kuchagua hata neno moja. Alichoambiwa ni kuandika ajali tu. Huo mkono unaotembea alikuwa ameubuni mwenyewe.

"Mpumbavu!" alisema, na haikujulikana anamtukana nani. Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Yule mtu ananifanya mimi dobi wake! Anachafua, mimi nafua! Na yule mama amelazwa pale hata kitana hawezi kushika!"

"Umesema vizuri zaidi sasa hivi kuliko ulivyoandika," dada akasema. "Kesho usishike kalamu. Simu itaandika, wewe utanisimulia mimi."

Jumamosi asubuhi walikaa chumbani kwa dada, madirisha yamefungwa ili kelele za barabarani zisiingie. Bi Utumishi aliiweka simu juu ya kitanda, akabonyeza alama ya kipaza sauti, akakohoa kama anayehutubia bunge.

"Kwa mujibu wa taarifa zilizopatikana..."

"Nani huyo anaongea?" dada akauliza.

Akaanza upya. Safari hii alisahau simu, akamsimulia dada yake, na hasira iliyokuwa imemkaba tangu jana ikapata mlango. Alisimulia rola, ulimi, droo ya fundi, mzigo wa hospitali, Bwana Fasta na midomo yake. Alipomaliza alikuwa anahema.

Walisikiliza kilichoandikwa. Hapo ndipo vicheko vilipoanza, maana simu ilikuwa imejisikilizia mambo yake. Mama Pacha alikuwa "akilisha dola". Amri ya kufungua ulimi ilitolewa na "Bwana Pasta".

"Kumbe mnafuga dola!" dada akasema huku akijifuta machozi. "Na mimi nateseka na mshahara wa kupokea simu."

Makosa ya simu aliyasahihisha kwa mkono. Yaliyobaki yalikuwa makosa yake mwenyewe, na yalikuwa magumu zaidi. Kulikuwa na "yaani" kila baada ya pumzi. Kulikuwa na sentensi moja ndefu mno hadi dada akasema hata kitu kisicho na mapafu kimechoka. Kisha yakaja matusi. Alikuwa amemwita meneja jitu, mnyonyaji, mwenye roho ya chuma. Alipoyatamka yalikuwa matamu kama asali. Sauti kavu ilipoyasoma, yalisikika kama mtoto anayerusha kokoto.

"Hasira ni haki yako," dada akamwambia. "Lakini mkaguzi akimaliza kusikia hayo atakukumbuka wewe na ghadhabu yako. Mama Pacha atamsahau."

Neno hilo lilimuuma. Alikata tusi la kwanza kwa shingo upande, la pili kwa kununa. La tatu alilitetea sana.

"Roho ya chuma si tusi, ni maelezo!"

"Mkaguzi atalipimaje? Kwa sumaku?"

Akalikata. Kisha wakasikiliza tena, wakakata, wakasikiliza. Kila palipokuwa na jambo lililofanyika lenyewe, dada aliuliza, "Na nani?" Ulimi ulikuwa umeondolewa. Na nani? Iliamuliwa mashine isisimame. Na nani? Kufikia saa sita Bi Utumishi alikuwa anajiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa, na kila jibu lilipoingia kwenye sentensi, hasira yake ilitulia mahali pake kama skrubu.

Mchana alikwenda kwa fundi mitambo, mzee mpole mwenye mafuta ya mashine yasiyotoka kwenye kucha. Akamkuta uani akikarabati baiskeli. Aliifanya simu imsomee kipande kinachomhusu: "Fundi mitambo aliufungua ulimi kwa amri ya meneja."

Fundi aliinama, akafuta mikono kwenye tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Bi Utumishi, mimi nina familia."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza kabla sijakuandika. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea." Akatupa tambara. "Nilimwambia, bosi, ulimi huu ni kidole cha mtu. Akaniambia anayeogopa kazi aende nyumbani. Liweke hilo pia. Liweke kama nilivyolisema."

Akaliweka.

Jumapili alikwenda hospitalini. Mama Pacha alikuwa ameegemea mito, mkono umefungwa bandeji nyeupe hadi kwenye kiwiko, nywele zake zimesukwa na jirani wa kitanda cha pili. Bi Utumishi alimwomba radhi kwa kumsumbua, akamwekea simu sikioni. Mgonjwa alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mbona inasema niliumia?" aliuliza ilipokwisha. "Ukiumia ni kama umejikwaa. Mimi waliniumiza."

"Nitabadilisha, mama."

"Na mbona sikusikii nikiita? Niliita. Nilisema zimeni, zimeni! Mwenzangu wa pembeni alisikia, akazunguka mbio. Wewe umeniandika kama mtu aliyekaa kimya akaliwa."

Bi Utumishi aliichukua simu. Alikuwa amesikiliza ile ripoti mara nyingi kiasi cha kuijua kwa moyo, na hakugundua kwamba mwenye mkono hakuwa na sauti ndani yake. Alibonyeza kipaza sauti, akaisogeza simu karibu na mto. "Sema wewe, mama. Sema ulivyoita."

Jumatatu asubuhi alimkabidhi Bwana Fasta karatasi mpya. Aliisoma kwa kusimama. Shingo ikaanza kujaa.

"Hii ni lugha ya sokoni. 'Meneja alitaka mashine isisimame.' Nani anaandika hivi?"

"Mimi."

"Hapana. Wewe nakufahamu, wewe ni mwandishi. Hii imeandikwa na hizi simu." Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. "Tutatumia ile ya Ijumaa. Nzuri sana ile."

Katika chumba cha mikutano walikaa watano: mkaguzi wa usalama, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo; Bwana Fasta; fundi mitambo; mume wa Mama Pacha, mwashi, amevaa shati lililonyooshwa na mtu asiyejua kunyoosha; na Bi Utumishi. Bwana Fasta alisambaza nakala za ripoti ya Ijumaa. Chini kabisa lilikuwepo jina la Bi Utumishi na cheo chake.

Damu ilimpanda kichwani. "Hiyo si ripoti yangu."

"Jina ni la nani?" Bwana Fasta aliuliza kwa upole wa kuudhi.

"Jina ni langu. Ripoti niliyokupa leo iko mfukoni mwako. Lakini kama unaipenda hiyo, basi isome, bosi. Kwa sauti. Sote tusikie."

"Kila mtu ana nakala yake, tusipoteze muda."

"Mimi nina muda," mkaguzi akasema. "Soma."

Akasoma, tena kwa mwendo wake wa kila siku, kama anayekimbiza basi. Mkaguzi akamwambia apunguze. Akapunguza, na huko kupunguza ndiko kulikomponza, maana kila neno lilipata nafasi ya kusikika. Tukio lilitokea. Mkono uliingia. Huduma ilitolewa.

Mwashi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Samahani. Mkono wa mke wangu uliingia wenyewe?"

Alionyesha mstari kwenye nakala yake.

"Nauliza kwa sababu mkono huo naufahamu. Hauna tabia hiyo."

Bwana Fasta alianza kueleza kwamba ni namna tu ya kusema. Bi Utumishi hakumngoja amalize. Aliweka simu mezani, akaongeza sauti, akaruhusu ile sauti kavu izungumze:

"Mama Pacha alikuwa akilisha mashuka kwenye rola namba mbili. Ulimi wa kuzuia vidole haukuwepo. Fundi mitambo aliufungua kwa amri ya meneja. Fundi alimwambia meneja, ulimi huu ni kidole cha mtu. Meneja alimjibu, anayeogopa kazi aende nyumbani. Meneja alitaka mashine isisimame. Pindo la shuka lilimfunga Mama Pacha kidole. Aliita, zimeni, zimeni. Pale aliposimama hapakuwa na kitu cha kuizima. Ulimi ulikuwa kwenye droo."

"Simu hiyo imejitungia!" Bwana Fasta alipiga meza. "Siku hizi zinatunga zenyewe, kila mtu anajua!"

Bi Utumishi alisimama. Sauti yake ilitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Simu haikuwepo zamu ya asubuhi, bosi. Simu haikusikia mtu akiita. Simu imenisomea niliyoyaandika mpaka nikaona aibu, nikayaandika upya. Yote hayo ni yangu, nami nayatia sahihi hapa hapa. Ile ya Ijumaa ndiyo iliyoandikwa na mashine, na mashine hiyo nilikuwa mimi!"

Mkaguzi alimgeukia fundi. Fundi aliutoa ulimi chini ya kiti chake, na skrubu zake zimefungwa kwenye kipande cha plastiki, akauweka juu ya meza. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Niliufungua mimi. Aliyeniamuru ni huyu."

Jioni ile mkaguzi alizizima rola zote na kuzitia lakiri. Hazikuwashwa hadi kila moja ilipokaguliwa na namba mbili iliporudishiwa ulimi wake, na shauri la Mama Pacha likapelekwa mahali ambapo meneja hawezi kulikunja na kulitia mfukoni.

Mtu angetarajia Bwana Fasta afukuzwe. Alihamishiwa tawi jingine kwa cheo kile kile, na waliobaki waliletewa keki ya kumuaga. Bi Utumishi aliletewa barua ya onyo kutoka makao makuu kwa "kuwasilisha taarifa isiyozingatia lugha ya kiofisi". Alikataa keki. Barua aliijibu siku hiyo hiyo, kwa kuisema kwanza kwa sauti mlango ukiwa wazi, hata wapita njia kwenye korido wakapunguza mwendo. Aliuliza ni neno gani katika taarifa lilikuwa la uongo, na nani aliyeona hivyo, kwa jina na cheo. Hawajamjibu. Amewaandikia tena.

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko, mama mmoja wa kitengo cha sabuni alisimama mlangoni mwake, kitambaa mkononi. Alikohoa kabla hajaingia, akakohoa tena baada ya kuketi. Alisema amesikia kuna namna ya kuandikiwa mambo. Yeye ana jambo kuhusu ile dawa mpya ya kung'arishia, ila hajui lugha ya kuandikia.

Bi Utumishi alifunga dirisha kupunguza mvumo wa mashine. Akaweka simu katikati yao.

"Lugha hiyo sitaki hata kuisikia," akasema. "Nisimulie mimi. Anzia siku walipoileta hiyo dawa. Ilitolewa na nani?"